Amri Isiyotanguliza Salamu

Ofisini kwetu Bugarama mimi ndiye mdogo kuliko wote, kwa hiyo kila asubuhi naamkia watu mpaka koo linakauka. Nilipopewa kazi ya kutengeneza programu ya amri, ile ambayo unaandika maneno tu na kernel, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, inaamini imechomekewa vifaa vya kupimia pampu ambavyo havipo, nikaona zamu yangu ya kuamkiwa imefika. Nikaipanga isifanye chochote mpaka mtumiaji aiamkie. Wenzangu walicheka mara moja, wakachoka. Mimi nikaendelea kujiona mjanja, na mjanja huyo akasahau kuliondoa sharti hilo.

Juzi akaja Mzee Masanja, mhandisi wetu mkuu, mtu mwenye wajukuu, kuikagua kabla haijapelekwa mgodini. Mkataba wangu ulikuwa mikononi mwake. Nikamwaga maneno magumu ya kernel kana kwamba nimeizaa mimi, kisha nikamwachia kibodi kwa mbwembwe. Akaandika amri ya kwanza polepole. Ukutani, kwa herufi kubwa za projekta, likatoka jibu: "Huna adabu. Mkubwa huamkiwa kwanza."

 Mzee akavaa miwani, akasoma tena, akaandika: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ukuta ukaitikia, na kipimo cha bandia kikaundwa bila kasoro yoyote.

Akanigeukia taratibu. "Haya baba, nimeshakuamkia. Niendelee na amri ya pili, au kwanza nikunawishe mikono?"