Usiku Kapteni Alipoangalia Juu

Mume wangu ni dereva, na anaringa na udereva wake kuliko bwana harusi. Wafanyakazi wa kiwanda cha biskuti ndio waliompa jina la Kapteni. Asubuhi anawaokota vituoni, jioni anawarudisha, barabara zilezile zenye taa kila hatua, na hajawahi hata kukwaruza bampa. Basi lenyewe analifuta vumbi kila siku, na ole wako upande na maganda ya karanga. Atakusema mpaka utamani kushuka utembee.

Mwenye magari alimpenda kwa hilo. Ana magari ya mjini, lakini fahari yake ni lile basi kubwa la safari ndefu, linaloondoka jioni na kufika mji wa pili asubuhi. Mwezi ule dereva wake alistaafu, bosi akamwita Kapteni ofisini, akamwambia, "Jumatatu unaanza usiku." Jamani! Mume wangu alirudi nyumbani anatembea kifua mbele, hata viatu alisahau kuvua. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Siku ileile nilimkatia mashati mawili mapya, na kila mteja aliyekuja kupima gauni nilimpasha habari, hata ambaye hakuuliza. Miaka yote hiyo alikuwa anaisubiri safari ndefu, na sasa ilikuwa mkononi.

Ilibaki jambo moja. Bosi alitaka ajaribu kwanza barabara ya nje ya mji usiku, maana Kapteni alikuwa hajawahi. Na binti yetu mkubwa, mwalimu wa sayansi, alikuwa anahangaika kutafuta gari la kuwapeleka wanafunzi wake kutazama nyota, mbali na taa za mji. Basi mambo yakajipa yenyewe. Bosi akatoa gari: jioni tuwapeleke, usiku tuwarudishe. Mimi nikaambiwa niende kuwaangalia wasichana. Nikabeba chai, mikate na mayai ya kuchemsha, nikanuna kidogo, nikapanda.

Tulifika jua likiwa bado halijazama, kwenye uwanja wa zamani wa ndege ambapo siku hizi hatui hata kunguru. Hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme, ni majani makavu na upepo. Watoto wakala, wakakimbizana, giza likaingia polepole huku sisi tumewasha taa za basi. Kisha binti yangu akapiga makofi.

"Sasa zimeni kila kitu. Simu, tochi, taa za gari. Fumbeni macho mpaka niseme."

Kapteni akazima gari. Nikafumba macho na mimi, na utu uzima wangu. Aliposema tufumbue, nilifumbua, na nakuapia nilidhani nimezimia.

Mimi ni mtu wa mjini. Nyota zangu ni zile chache zinazochungulia katikati ya nyaya za umeme ukienda kuanua nguo. Kumbe! Zilikuwa zimemwagika mbingu nzima kama mtu aliyepasukiwa na gunia la chumvi, na katikati ukanda wa weupe umekatiza kutoka upande huu mpaka ule.  Nikakaa chini palepale kwenye majani bila kuangalia kama kuna siafu. Watoto walipiga ukelele mmoja. Msichana mmoja alianza kulia, ukimuuliza analia nini hajui. Nilikasirika, kusema kweli. Nikawaza, yaani vitu vyote hivi vilikuwa juu ya kichwa changu tangu nizaliwe, na hakuna aliyenivuta sikio akaniambia tazama?

Binti yangu alikuwa anawaonyesha Kilimia, anawaambia wahesabu ni nyota ngapi kwenye kile kishada. Ndipo nikamsikia Kapteni. Alikuwa amesimama mlangoni pa basi, kashika kishikio.

"Sasa zinatoka saa ngapi?"

"Nini?" binti akauliza.

"Hizo nyota. Tumezima taa, tumekaa gizani kama wezi, zenyewe hazitoki. Au kuna wingu?"

Watoto walicheka mpaka wakajigaragaza. Mimi pia nilicheka. Mume wangu ana utani wa kukera, mtaa mzima unamjua.

"Baba, acha bwana. Angalia juu."

"Si ndiyo naangalia? Naona ile moja kubwa pale. Na ile nyingine, kama ipo."

Ile moja kubwa ilikuwa Zuhura, ambayo ingeweza kukuumiza macho.

"Na huu weupe wote?"

"Weupe gani, mwanangu?"

Nikainuka kwenda kumfinya anyamaze, maana utani ukizidi unawaharibia watoto masomo. Nikasimama mbele yake, karibu kabisa, nimenyoosha mkono. Nyota zilimwangaza. Niliona uso wake wote, niliona vifungo vya shati nililomshonea mwenyewe. Hakuwa anacheka. Macho yake yalinipita, yakaenda huku na huku, akapaza sauti kama mtu anayeniita kutoka uani.

"Mama watoto! Uko wapi?"

 Nilikuwa mbele ya pua yake.

"Niko hapa," nikasema, na aliruka kwa kushtuka hadi akagonga kichwa mlangoni.

"Mbona unaninyatia?"

"Sijakunyatia. Nimesimama hapa unaniangalia. Baba watoto, hunioni?"

"Nikuone vipi gizani?" Akaanza kuchukia. "Kwani wewe unaniona?"

"Nakuona mpaka vifungo."

 Binti yetu alikuwa amekuja, amesimama ubavuni kwangu, amejiziba mdomo kwa kiganja. Yeye ni mwalimu wa sayansi, alielewa kabla yangu. Akamwinulia vidole usoni, akamuuliza vingapi. Baba mtu akageukia sauti ilikotoka, akauliza vidole viko wapi. Nyuma yetu mtoto mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Vitatu." Mwingine akasema, "Vitatu, Mwalimu." Hakuna aliyecheka tena.

"Na hawa wanaona?" Kapteni akauliza.

"Wote, baba."

"Bila taa?"

"Bila taa."

Alikalia ngazi ya basi taratibu. Na maneno aliyosema sitayasahau. "Mimi nilijua watu wanapiga chuku. Nyota nyingi, nyota nyingi. Nilijua ni maneno tu ya watu, kama wanavyosema samaki niliyemkosa alikuwa mkubwa. Nilijua giza ni giza kwa kila mtu."

Lahaula! Mtu mzima ana wajukuu! Hakuwa ameficha, maskini. Alizaliwa hivyo, akakulia kwenye taa, akaoa kwenye taa, hakuna wa kumwambia. Nilisimama pale nikawa napigwa na kitu kimoja baada ya kingine. Umeme ukikatika, mume wangu hukaa chini popote alipo na kusema tusubiri urudi, nami miaka yote namwita mvivu. Tukitoka msibani au harusini usiku, lazima anishike mkono mpaka mlangoni kwetu. Wanawake wa mtaani wananionea wivu kwa mkono huo! Nami nilikuwa naringa nao, natembea polepole makusudi watuone. Kumbe nilikuwa fimbo. Nilitamani kulia na kumzaba kofi kwa pamoja.

"Nilidhani wote wanashikana," alisema nilipomfokea. "Nilidhani hata wewe huoni."

Alikuwa ameshasimama anapapasa ngazi kuingia ndani.

"Haya, pandeni. Nimeahidi kuwarudisha usiku huu, nitawarudisha."

"Wewe na nani?" nikauliza.

"Gari lina taa."

"Taa zinamulika mbele. Pembeni je? Kitu kisicho na taa je?"

"Usinifundishe kazi! Sijawahi kukwaruza hata bampa. Nikilala hapa leo, bosi atauliza kwa nini, na Jumatatu basi kubwa atapewa mwingine. Unalitaka hilo?"

Silitaki, wala sikulitaka. Mashati mawili yalikuwa yananing'inia nyumbani yamepigwa pasi. Lakini nilipanda ngazi nikamtangulia, nikachomoa funguo, nikazitia kifuani.

"Njoo uzichukue," nikamwambia. "Kama unaziona."

Yalikuwa maneno mabaya, najua. Alipapasa mpaka kwenye kiti chake, akakaa. Binti alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akapokea matusi ya mkuu wa shule na ya wazazi zaidi ya nusu, akarudi na macho mekundu. Tukawalaza watoto ndani ya basi, wawili wawili, wanafurahi ajabu kwa kulala nje ya kwao. Mimi nililala kiti cha nyuma ya dereva. Nilidhani yeye kalala.

"Mama watoto."

"Nini?"

"Ni nyingi sana?"

"Nyingi."

"Kama vile nini?"

Nilichungulia dirishani, zilikuwa bado zimejaa. "Lala," nikasema.

Kulipopambazuka nilimrudishia funguo bila neno. Akanawa uso, akafuta kioo, akawasha gari. Njia ilikuwa nyeupe, kila jiwe linaonekana, naye anaendesha vizuri kama kawaida yake, na mimi nikaanza kujiuliza kama sikumwonea. Labda tungefika salama. Labda nimemharibia safari yake ndefu kwa woga wa kike.

Kwenye kona ya pili alifunga breki.

Lori lilikuwa limesimama katikati ya upande wetu. Lilikuwa limebeba mbao, na mbao zimetokeza nyuma, ndefu, bila kitambaa chekundu, bila taa hata moja. Dereva wake alitoka chini ya lori akijikung'uta majani. Alisema limemfia jana, giza likiwa linaingia, na betri nayo ikafa. Matawi aliyoyaweka barabarani yalikuwa yamepeperushwa na upepo. Wenye magari madogo wachache walipita usiku, alisema, walimwona kwa mbali, hata kabla taa zao hazijalifikia lori, wakapunguza mwendo, wakamkwepa.

"Walikuonaje?" Kapteni akauliza.

Yule bwana hakuelewa swali. "Si nyota zilikuwepo? Palikuwa peupe kabisa."

Mume wangu alizunguka nyuma ya lori. Akasimama mbele ya zile mbao, akaweka kiganja kwenye ncha zake. Zilimfika juu kidogo ya kichwa, sawasawa na kioo cha basi letu. Akageuka, akalitazama basi lake. Watoto walikuwa wamebandika nyuso madirishani, wengine wanampungia. Mkono hakuuondoa kwenye mbao. Nilimwendea, nikasimama ubavuni kwake. 

Akatoa simu, akampigia bosi palepale barabarani. Bosi ana sauti kama spika ya mkutano, kila mtu husikia.

"Kapteni! Vipi, umeionaje barabara ya usiku?"

"Bosi, basi kubwa mpe mwingine."

"Una wazimu? Kwa nini?"

"Sioni nyota."

Bosi alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakutuma uangalie nyota? Wewe angalia barabara!"

"Ndiyo hiyo, bosi," mume wangu akasema, na machozi yanamtiririka mbele ya watoto wa watu. "Usiku hata barabara siioni."