Koo la Pikipiki na Vumbi la Luvungi

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati wa kiangazi, asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Bukavu unaopanda kutoka ziwani na kukaa juu ya mabati kama usingizi usiotaka kutoka. Nilikuwa kijana. Nilikaa nje ya karakana yetu kule Kadutu, macho nusu yamefumbwa, nikisikiliza pikipiki moja ikipita mbali chini, upande wa Nguba. Sikuiona. Lakini niliijua, kwa sababu sauti ile niliitengeneza mimi.

Ngoja nikueleze. Pikipiki inapumua kama wewe na mimi. Ile ya kiwandani ina sanduku lenye sponji ndani, na hewa inapita pale polepole kabla ya kuingia kwenye karburateri, pale inapochanganyika na mafuta, kama mtu mwenye mafua. Mimi nikaona: huku ni kuinyima. Nikatoa sanduku lote. Mahali pake nikaweka bomba la aluminiamu, pana mdomoni, jembamba ndani, limesuguliwa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Watu wakaliita koo. Nililimimina mwenyewe kwenye mchanga, kwa sufuria zilizotoboka na pistoni zilizokufa. Shule niliiacha darasa la tatu. Lakini mwambie msomi yeyote wa mji huu akuletee koo kama lile. Hataleta. Hata leo hataleta! Najisifu, najua, ila jogoo asipowika, nani atamwambia jirani kwamba kumekucha?

Na pikipiki yenye koo langu haikunguruma, iliimba. Ilitoa sauti nene, ya chini, kama wanaume wa kwaya wakati wa misa kubwa. Vijana wa Nguba, watoto wa watu wa ofisi, walipanga mstari mlangoni kwangu. Kila koo nililijaribu kwenye barabara ya kando ya ziwa, lami laini, hewa yenye unyevu, upepo mzuri kifuani. Nilipokuwa pale juu ya pikipiki niliona kama ziwa lote linanisikiliza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji. Nilisahau tu kuuliza nani atakunywa.

Aliyenifundisha kuyeyusha aluminiamu alikuwa Muzee Cirhuza, mtengeneza sufuria, mtu wa maneno machache. Alikuwepo siku alipokuja citoyen Bahizi, kama tulivyoitana raia enzi zile, muuguzi wa kituo cha afya kule Luvungi, chini kabisa, kwenye bonde la Ruzizi. Pikipiki yake ilikuwa dhaifu, na wamama wenye mimba walimngoja katika vijiji vya mbali. Aliomba nguvu kidogo. Nikamwambia, "Papa, mi nitakupatia nguvu, na muziki juu."

Muzee akainua kichwa. "Uliisha fika Luvungi, weye?"

"Hapana, Muzee. Lakini pikipiki iko pikipiki."

Akanitazama kidogo, akarudia mchanga wake. Nikamfungia Bahizi koo zuri kuliko yote niliyowahi kumimina. Akatelemka nalo akiimba.

Hazikuisha wiki tatu. Asubuhi ile ya ukungu niliyokuambia, kamyo ya mihogo ikasimama mbele yetu. Bahizi akashuka nyuma, na pikipiki yake ikashushwa kati ya magunia kama mgonjwa.

"Fundi," akaniambia, "koo yako iliimba muzuri sana. Iliimba mpaka ikakufa."

"Mafuta ya kule iko mubaya," nikasema haraka. "Banachanganya na maji."

"Mafuta nilinunua hapa Bukavu."

"Basi uko naendesha mubaya!"

Watu waliokuwa wakingoja wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba alikuwa ameitwa kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu. Nusu ya njia pikipiki ikazimika. Akatembea iliyobaki, begi la dawa kichwani. Alipofika, mutoto alikuwa amezaliwa mikononi mwa bibi yake, mzima, lakini mama alikuwa anatoka damu, midomo imekwisha kuwa myeupe.

"Yule, Mungu alisaidia," akasema. "Na wa kesho? Nitaenda kwake na miguu?"

Muzee Cirhuza akainamia pikipiki. Akachukua funguo za nati, akafungua karburateri, kisha akaondoa kichwa cha mashine. Akapitisha kidole ndani ya silinda, kikatoka na tope la kijivu. Akakileta mbele ya uso wangu.

"Onja."

Nikaonja. Ulikuwa mchanga, mwanangu. Mchanga mtupu, unalia kwenye meno.

"Hii njo mafuta mubaya?" akauliza.

Nikatema mchanga chini.

"Kesho utapanda ile kamyo pamoja na papa huyu. Utasimama nyuma. Na kinywa hautafunga, mpaka Luvungi."

"Muzee, mi fundi muzima, nisimame kinywa wazi kama mujinga?"

"Kwani koo yako inafungaka?"

Mpaka leo sijawahi kupigwa fimbo iliyoniuma kama neno lile.

Nikapanda. Kamyo ikaacha ukungu, ikaanza kuzunguka milima, kona baada ya kona, na nikawa kama mtu anayeota. Baridi ilinitoka mwilini kidogo kidogo, kama shati linalovuliwa na mtu mwingine. Hewa ikawa nzito, ya moto. Kule chini bonde liling'aa, nikadhani ni maji, ziwa jingine ambalo hakuna aliyenieleza. Lilikuwa vumbi. Jeupe, laini, limelala hewani bila kuanguka. Tulipoliingia, nililisikia kwenye ulimi, kwenye koo, kifuani. Nilikohoa mpaka machozi yakachora njia mbili kwenye mashavu. Bahizi alifunga kitambaa usoni, akaniangalia, hakusema "pole".

Nilikaa kule siku nne, nikimbebea begi lake kijiji kwa kijiji, kwa miguu. Siku ya tatu tukafika kwa yule mama. Alikuwa amekaa juu ya mukeka, bado dhaifu, mutoto analala mapajani. Bahizi akamwambia mimi ni nani. Yule mama akanipa maji ya kunywa kwanza. Kisha akasema:

"Kumbe weye njo fundi wa ile sauti? Siku ile niliisikia ikitoka mbali. Nikamwambia mama yangu, nimepona, musaada inakuja. Kisha ikanyamaza." Akamfunika mutoto kidogo. "Nilingoja irudi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikaweka kikombe cha maji chini, sijakimaliza.

Nikamwambia Bahizi palepale, mbele yake: "Papa, kosa haikuwa mafuta. Haikuwa weye. Iko miye."

"Nilijua," akajibu. "Nilikuwa nangoja na weye ujue."

Niliporudi Kadutu nilitoa silinda na pistoni za pikipiki yangu mwenyewe, ile niliyotambia Nguba, nikazifunga kwenye pikipiki ya Bahizi. Nikachukua mukebe mukubwa wa maziwa ya unga, nikautoboa pembeni, nikaujaza sponji ya godoro iliyolowekwa kwenye mafuta ya mashine ili ikamate vumbi, nikaufunga mbele ya koo. Muziki ukaisha. Ikabaki pumzi tu, ndogo, ya mtu anayelala vizuri. Vijana wa Nguba wakanicheka: "Mon vieux, muzee wetu, umeifunga kinywa na godoro!" Wacheke. Mwaka mzima Bahizi alikuwa anakuja kununua dawa mjini, na kila akipita aliizungusha mbele ya karakana bila kusimama, ananyoosha mkono tu.

Mimi njo wa kwanza Bukavu kutengeneza koo lenye chujio la sponji. Atakayebisha alete ushahidi. Leo koo zangu ziko Miti, ziko Uvira, ziko mahali nisipopajua. Lakini mteja akiingia kwangu, simuulizi anataka sauti gani. Namuuliza: unalala wapi, barabara yako iko na rangi gani, nani anakungoja kule mwisho?

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya mikono, au hata ya kalamu. Kazi usiipime mlangoni kwako, ambako hewa ni safi na watu wanakupigia makofi. Nenda ukaivute hewa ya yule atakayeitumia, ikukwaruze koo kwanza wewe. Na ikiharibika, usikimbilie kusema mafuta ni mabaya. Kosa likikubaliwa mapema ni mchanga kwenye kidole tu. Likifichwa, linakula silinda.

Mungu akupe mikono yenye akili na kinywa kisichoona haya kusema "iko miye". Akufikishe salama, na kila utakachokiunda kifike kule kinakongojewa.