Mashine Iliyonuka Mbuta

Enzi zetu kitu kikizeeka hakikutupwa. Kilihamishwa tu kutoka nyumba moja hadi nyingine mpaka kimpate mtu wa kukihurumia. Nasema hivi kwa sababu juzi nilimkuta mpwa wangu amejilaza kwenye kochi, simu mkononi, akimtazama mzungu fulani akisugua kutu kwenye mashine ya zamani ya useremala. Nusu saa nzima kijana hakupepesa macho. Nikamwomba aje anikazie skrubu ya mlango wa kabati, akaniambia, "Auntie, si tuite tu fundi?" Nilicheka peke yangu. Sisi kazi ile hatukuitazama, tuliifanya, likizo nzima ya Agosti, na kucha zetu zilikuwa bado nyekundu kwa kutu siku shule zilipofunguliwa.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa Kisumu miaka ya themanini hamhitaji kuelezwa likizo za Agosti. Asubuhi ni chai ya rangi na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyolala, halafu michezo ya kati na blada mpaka jua likufukuze kivulini. Kwetu tulikuwa watatu: kaka yetu mkubwa Ouma, mimi, na Akoth kitinda mimba. Tulikaa upande wa Mamboleo, nyumba ya udongo na mabati, na uani Mama alikuwa na banda la kuku alilolipenda kuliko sebule. Baba alikuwa seremala kwenye karakana moja mjini. Karakana ilipofungwa, tajiri wake alimwambia kila fundi achague kitu kimoja aende nacho. Wenzake walikuwa na akili, huyu akachukua baiskeli, yule akachukua meza. Baba akachagua mashine ya kupiga randa iliyokuwa imelala nyuma ya choo, ikinyeshewa, tangu kabla mimi sijazaliwa.

Ililetwa kwa mkokoteni, wanaume wakihema na kulaani, na kila jirani akatoka kuja kuona. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Ouma, ni nini hii umeleta kwa boma yangu?"

"Ni mashine, Mama Ouma. Inalainisha mbao."

"Ni mashine ama ni maiti ya mashine?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Baba akacheka nao. Lakini jioni, tukiwa kwenye ugali na omena, Mama aliweka sharti lake na hapo hakuna aliyecheka. Mashine inaweza kukaa, alisema, na hata banda la kuku atalitoa. "Kitanda, meza, dawati, tengeneza yote. Lakini sanduku ya maiti, hapana. Si kwangu."

Baba akasema, "Ni sawa."

Sharti lenyewe lilikuwa zito. Seremala gani wa pande zetu aliweza kulisha watoto bila kutengeneza majeneza? Kitanda mtu anaweza kukiahirisha mwaka mzima, matanga hayaahirishwi. Lakini sote tulijua sababu ya Mama. Kati yangu na Akoth kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyeishi miezi michache tu, na sanduku lake Baba alilitengeneza mwenyewe. Mama hakuwahi kulizungumzia.

Basi tukaanza kazi. Baba aliifungua mashine nati moja baada ya nyingine na kutandaza vipande juu ya magunia, na ole wako uhamishe hata bolti. Ouma alipewa visu na jiwe la kunolea. Mimi na Akoth tulipewa kutu. Tulisugua kwa brashi ya waya, tukasugua kwa mchanga na mafuta taa, tukasugua kwa magunzi ya mahindi brashi ilipokwisha meno. Mikono ilinuka mafuta taa hata ukila embe. Siku moja, chini ya kutu, ikajitokeza herufi, halafu nyingine, zimechorwa ndani ya chuma chenyewe. Akoth, ambaye mwalimu wake alishamkatia tamaa, alikaa pale akizisoma kwa kidole mpaka akazijua zote. Lilikuwa jina la mji fulani wa Uingereza. Tukabishana wiki nzima kama huko nako kuna mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa letu.

Mbuta nawataja kwa sababu ndio walioleta kasheshe. Miaka ile viwanda vya samaki vilichukua minofu na kutuachia sisi mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, na mafuta ya mbuta yalikuwa bwerere sokoni. Grisi ilikuwa ghali. Baba akafikiri, akatikisa kichwa, akafikiri tena, kisha akamwomba Mama sufuria ya mafuta ya samaki akaipaka mashine yote, kuanzia meza hadi beringi. Aliing'arisha huku akipiga mluzi. Kesho yake asubuhi tuliamka tukakuta paka wa Mamboleo yote wamehamia kwetu, wanailamba mashine kwa zamu.

Hapo ndipo Awuor alipopata kazi. Alikuwa mtoto wa jirani yetu aliyetengeneza baiskeli, mtu mpole tuliyemwita Baba Awuor tu. Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajaanza hata shule ya chekechea, na kwa kuwa hangeweza kusugua alipewa fimbo awe askari wa paka. Alikuja mapema kabla hatujanawa uso. "Dhi! Dhi!" aliwafukuza kwa Kijaluo, waende zao, na paka walimwogopa kweli. Mshahara wake ulikuwa kipande cha muwa, na ukimcheleweshea aliweka fimbo chini na kuketi juu ya gunia, amekunja mikono. Baba alimheshimu. Alimwita "bosi."

Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo Baba alifunga mkanda kutoka kwenye injini ya dizeli aliyoitoa kwenye kinu cha kusagia unga kilichokuwa kimekufa. Siku ya kuiwasha mtaa mzima ulijaa uani. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, mkanda ukachomoka na kuruka juu ya ukuta, na kuku wakapotea hadi jioni. Mara ya pili ikashika. Mngeona uso wa Baba! Ubao uliingia upande huu umekwaruzika, ukatoka upande ule laini, na maranda yakaruka juu ya vichwa vyetu, tukayadaka kama watu wa harusi. Kisha beringi zikapata joto, mafuta ya mbuta nayo yakaanza kukaangika. Mama mmoja aliyekuwa akipita njiani alichungulia uani na kuuliza, "Nyinyi, samaki ni pesa ngapi?" Swali hilo lilimfuata Baba miaka mingi. Kazi ilipatikana, maana mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulikuwa umewabana wazazi watafute madawati, na ninaapa kuna watu wazima leo waliosoma juu ya madawati yaliyonuka mbuta.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na malaria. Awuor aliugua siku chache tu. Asubuhi moja baba yake aliingia uani kwetu na mbao begani, mbao mbovu za kuokoteza, akaziweka chini akasimama. Baba hakumwuliza. Alienda kuchukua randa yake ya mkono.

"Twende kwako," alimwambia. "Nitafanyia huko."

Mama alikuwa anaosha vyombo. Aliinuka, akajipangusa mikono kwa leso.

"Muende wapi?" akasema. "Randa ya mkono italainisha hizo mbao lini? Washa mashine."

"Mama Ouma..."

"Nimesema washa."

Iliwashwa. Baba alisukuma ubao, na upande wa pili alisimama Mama mwenyewe kuupokea. Alipitisha kiganja juu yake polepole, kutoka mwisho hadi mwisho, halafu akaurudisha. "Rudia. Hapa iko kibanzi." Baba akarudia. Akapitisha kiganja tena, akaurudisha tena. Kila ubao hivyo hivyo. Baba Awuor alikuwa ameketi juu ya gunia, anatazama chini. Baba, akidhani anamsaidia mkewe, alisema mbao sasa ziko sawa kabisa.

"Ile ya kijana yetu ilikuwa na vibanzi," Mama akasema. "Ndani. Niliona."

Baba alizima injini. Nilimwona akiiegemea mashine kwa mikono yote miwili. Mama akamwacha kidogo, kisha akamgusa mgongo na kumwambia awashe, mtoto wa watu anangojea. Tulilia sote siku ile, na sijui kila mmoja alikuwa akimlilia nani.

Baada ya hapo sharti halikutajwa tena. Miaka ya tisini ilipofika, majeneza yalizidi vitanda, nanyi mnajua ukimwi ulivyowafanya watu wa ziwa letu. Hakuna hata moja lililotoka uani kwetu kabla Mama hajapitisha mkono ndani. Watu walikuja kutoka Asembo Bay na Pap Onditi, wakapita mafundi kibao njiani, wakimtafuta "yule mama wa mkono." Baba alipozeeka aliiuza mashine kwa kijana mmoja, na Mama, aliyewahi kuiita maiti, aliisindikiza hadi barabarani.

Siwalaumu vijana wa leo. Wana mashine ndogo za umeme zinazofanya kwa dakika kazi ya siku nzima, na hazinuki. Pale barabarani majeneza ya watoto yamepangwa tayari, meupe, yenye vioo na vishikio vya kung'aa, unalipa kwa simu na kuondoka. Ni mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila nikipita hapo natamani kusimama, nifungue moja, nipitishe kiganja ndani nijue kama kuna mtu aliyefanya hivyo kabla yangu.