Feni ya Prezida wa Chama

Miaka ya vita nilikuwa fundi wa kompyuta wa chama cha wakulima wa mpunga, ofisi yake Uvira, na mkubwa wangu alikuwa mpumbavu. Sitafuti neno laini. Prezida wetu alikuwa mtu wa tai na mihuri, aliyeamini kwamba risasi zikilia bonde la Ruzizi, dawa yake ni kuitisha réunion, yaani mkutano wa wanachama.

Chama kilikuwa na seva yake yenyewe ya ujumbe, kompyuta iliyofungiwa kabatini, ili watu wa Bwegera, Mutarule na Kiringye waambiane wapi pamechafuka bila wageni kusoma. Mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Kiringye, aliniandikia humo kila asubuhi. Kisha kijiji chake kikashambuliwa, akanyamaza. Namba yake haikupatikana. Nilikuwa nameza bugali bila kusikia ladha.

Haikupita muda seva nayo ikaanza kuchemka. Prosesa, yaani ubongo wake, ilifanya kazi kwa nguvu zote kutwa nzima, betri za sola zikaisha kabla jua halijazama, na ujumbe wa watu ukakwama.

"Ile machine iko na moto," prezida akatangaza. "Iko inaomba ventilateur."

Akanunua feni. Akaikatia utepe, naapa, akapigwa nayo picha. Seva ikaendelea kuchemka, ila sasa feni nayo ikawa inanyonya betri.

Nikamwacha na maigizo yake, nikaifungua seva. Kilichokuwa kinakula prosesa ni programu ya ujumbe yenyewe, ingawa ujumbe ulikuwa haba, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekimbia. Nikazima utafutaji, nikazima picha, hakikupungua kitu. Ndipo nikatazama mlango wa kuingilia. Nguvu zote zilikuwa zinaishia kwenye kukagua maneno ya siri, kazi inayofanywa nzito makusudi ili kuwachosha wezi. Nikadhani tunavamiwa. Wezi gani! Zilikuwa simu za wanachama wetu wenyewe, zikijaribu kuingia, zikikataliwa, zikijaribu tena bila kupumzika.

Nikamuuliza prezida nani aliyewafungia.

"Ni minye," akajipiga kifua. "Règlement iko wazi: mwenye kukosa réunion tatu anafungiwa. Weye unaijua."

Kanuni hiyo ilitungwa wakati wa amani, kuwabana wavivu wasiokuja kuzibua mifereji ya mpunga. Yeye aliwapiga nayo watu waliokimbia na magodoro kichwani. Alikaa mbele ya feni yake akiwafungia mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, akijiona mlinzi wa sheria. Nilimdharau hadi mate yakanikauka.

Sikuomba ruhusa. Niliwafungulia wote. Prosesa ikatulia palepale, na ujumbe uliokuwa umelala kwenye simu zao ukaanza kumiminika. Wa mdogo wangu, aniitaye yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, ulikuwemo:

"Yaya, tuko wazima, tulivuka muto na batoto. Sina laini, naazima internet ya jirani. Juu ya nini munatufungia mulango?"

Nililia mbele ya prezida bila haya, nikamsomea kwa sauti. Alisikiliza hadi mwisho, akageuza feni imwelekee vizuri.

"Mungu asifiwe," akasema. "Umuambie alete excuse ya zile réunion. Kwa maandishi."