Kamera Mbili za Mwero

Mwero wa Ukunda alikuwa na ulimi mchungu kuliko shubiri. Akimwona mtalii ufuoni Diani na kamera ndogo ya plastiki, ile ya kutumiwa mara moja na kutupwa, alicheka mbavu hana. "Hicho ni kichezeo," alisema. "Hakina jicho." Kwake yeye kamera ilikuwa moja tu: yake nzito ya chuma, ambayo kioo chake cha ndani humwonyesha mpiga picha kile kile inachokiona lenzi. Ukisahau kutoa kifuniko cha lenzi, unaona giza, unakumbuka. Watu walimsifu mpaka Lunga Lunga, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka wa tisini na nane hewa ya chumvi iliila kamera hiyo, kioo kikanata. Mwero akanunua nyingine kwa Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao, ndogo na nyepesi. Hiyo ina kidirisha cha kuchungulia kando ya lenzi, kwa hivyo mtu anaweza kuona vizuri huku lenzi haioni kitu. Mjerumani alitaka kumweleza. Mwero akajibu kwamba yeye hafundishwi kamera.

Wiki ile ile Nereah, mfuaji nguo wa hoteli moja, alifiwa na mwanawe Quincy, wa miezi mitatu. Mtoto hakuwa amepigwa picha hata siku moja. Mamake alisubiri anenepe kwanza. Kwao Siaya maiti husafirishwa nyumbani, na kabla ya safari jeneza hufunguliwa, jamaa wakapiga picha nalo. Nereah aliitaka picha hiyo kuliko chakula. Aliogopa kuusahau uso wa mwanawe.

Mwero alikuja Msambweni, kwenye chumba cha maiti cha hospitali, akawapanga wafiwa kwa kuwafokea, akamgeuza mama kidevu kama anayekagua chungu sokoni. Akachungulia, akauona uso wa Quincy vizuri, akamaliza filamu nzima. Aliposhusha kamera aliona kifuniko kiko pale pale kwenye lenzi. Gari la kwenda Siaya lilikuwa bado limesimama. Jeneza lilikuwa bado wazi, na mkobani mlikuwa na filamu nyingine. Kurudia kungemgharimu aibu kidogo tu mbele ya watu wa bara. Akafunga mkoba wake, akaenda zake. Namchukia kwa hilo mpaka leo.

Baada ya mazishi Nereah alirudi Ukunda, akapitia studio kabla ya kufika kwake.

"Hodi, Bwana Mwero. Picha ziko tayari?"

"Hazikutoka, mama. Filamu yote tupu."

"Hata moja? Hata kamkono tu?"

"Hata huo. Na kamera yangu haina kosa. Wapo watoto wasiotaka kuonekana."

Nereah akainamisha kichwa. Akauliza polepole kama mtoto alikuwa amemkasirikia, maana siku ile ya homa alikwenda kazini kwanza, akachelewa kumfikisha hospitali.

Mwero alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa.

"Huenda," akasema.