Aliyefariki Saa Saba Mchana

Mnada alijua bei ya sauti yake. Kabla ya redio alikuwa akinadi nguo kuukuu sokoni, amesimama juu ya robota, na shati lisilo na kola aliliuza kwa bei ya lenye kola kwa nguvu ya koo tu. Siku moja mkuu wa vipindi wa redio ya taifa alipita kutafuta koti, akasimama, akasahau koti. "Mama, koo hilo linapotea bure hapa." Akamjibu, "Halipotei, linanilisha. Wewe unatoa ngapi?"

Miaka kumi na minne ikapita. Jina la Mnada, alilobandikwa sokoni, liliingia naye ndani ya jengo, na kwake kazi ilibaki ile ile. Kutwa nzima alikaa katika chumba kisicho na dirisha, kuta zimevishwa sponji, akitaja saa, akifunga kipindi hiki na kufungua kile: kilimo, watoto, afya, mchezo wa kuigiza. Ila saa saba mchana alisoma taarifa ya habari, na hilo ndilo lililomtenga na watangazaji wengine. Mikutano ilisimama watu wamsikilize.

Siku hiyo habari ya nne ilimhusu mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko kuu. Karatasi ilisema: "Mwenyekiti alifika hospitalini jana na kufariki, huku wenzake wakigawa mablanketi kwa wagonjwa."

Ulimi wa Mnada ulijikwaa. Mtu anakata roho, wenzake wanagawa mablanketi? Lakini amri ya nyumba ile ilibandikwa ukutani: soma kilichoandikwa, usitie chako. Akasoma. Akatia na huzuni kidogo, maana kazi yake aliijua.

Kipindi cha kilimo hakijafika hata kwenye mbolea, simu zikaanza. Mpiga chapa wa taarifa za habari aliingia midomo imemkauka.

"Dada, nimekwisha. Ni kufariji! Alikwenda kufariji wagonjwa. Zile herufi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, kidole kikateleza."

"Kidole chako kimeua," alisema Mnada, "na mimi nikazika. Mkuu anajua?"

Alijua. Alikwisha kuamua kwamba masahihisho yatasomwa kwenye habari za saa kumi, baada ya wanasheria kuyaandika. Tukikurupuka, alisema, tumekiri kosa.

Saa nane kasoro robo marehemu akafika mwenyewe. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi, shati limelowa jasho. Mlinzi wa getini, aliyemsikia akifa muda si mrefu, alimsogezea daftari la wageni bila kumtazama usoni mara mbili. Penye sababu ya kuja, mzee aliandika: kukanusha.

"Ndiye wewe uliyeniua?"

"Ndiye mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umesoma vizuri mno. Mke wangu alilia, na mimi nimekaa naye meza moja." Mzee akacheka peke yake, kisha kicheko kikamkatikia. "Sikuja kugombana, mwanangu. Wa mjini wameniona. Nina dada yangu mkubwa huko shamba, milimani, ndiye aliyenilea. Moyo wake mbovu. Simu hana. Ana redio yenu kando ya kitanda, haizimwi. Jirani yake nampigia, hapatikani. Sasa hivi ananililia, na dawa hatakumbuka kunywa."

Mnada alimshika mkono, wakaingia kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Saa kumi," alisema mkuu. "Bora saa mbili za kungoja kuliko kesi."

"Kesi gani?" aliuliza mzee. "Mimi sishtaki."

"Leo hushtaki, mzee wangu. Kesho wanao watakutafutia wakili." Akamgeukia Mnada. "Isitoshe, jalada la kosa hili linataka jina. Mpiga chapa ana mkataba wa miezi mitatu mitatu. Tukimwandika yeye, mambo yamekwisha."

Mnada alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mnunuzi sokoni, mikono badala ya mdomo. Mikono ya mkuu ilikuwa juu ya jalada. Ukweli hakuwa na haja nao. Alitaka jina, basi.

"Andika langu. Andika nilisoma vibaya. Lakini masahihisho yatoke sasa, kabla ya watoto, na yarudiwe kila mwanya kati ya vipindi mpaka jioni."

"Kila mwanya ni mara nyingi. Mara mbili."

"Kila mwanya. Na mzee aseme kwa kinywa chake."

"Ukijiandika, habari husomi tena. Unalielewa hilo?"

"Bei nimeisikia. Nauliza kama unauza."

Mkuu akasukuma kalamu. Msidhani Mnada alijiandika kwa huruma. Ulimi ulimwonya, akaupuuza. Kosa lilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na kitu cha kutoa.

Chumbani alimweka mzee mbele ya kipaza sauti, akamnong'oneza, "Taja jambo la leo, asije akadhani ni kanda ya zamani. Redio hupiga sana sauti za marehemu."

Mzee akakohoa. "Dada, ni mimi. Sijafa. Leo ni Alhamisi, saa nane na dakika saba. Kinyozi amenikata kidevuni asubuhi, bado panawasha. Kunywa dawa zako, dada. Kunywa sasa hivi."

Walirudia baada ya watoto. Walirudia baada ya daktari wa kipindi cha afya, aliyemaliza kueleza shinikizo la damu huku mzee akisikiliza amekunja kofia. Saa tisa na nusu jirani akapatikana.

"Ametoka," alisema jirani. "Amepanda basi tangu saa nane kasoro. Anakuja kuzika."

"Amechukua redio?" aliuliza Mnada.

"Ameiacha. Nimeikuta inasema yenyewe chumbani."

Mzee aliketi. Basi lingefika saa kumi na moja. "Akishuka akaniona nimesimama pale," alisema, "si ndiyo nitamuua kweli?"

Mnada alimtuma stendi, kisha akakaa kwenye kiti chake, na mwanya ulipofika akabadilisha maneno: "Dereva wa basi la kutoka milimani, mwenye abiria mama mzee anayekwenda msibani, ongeza sauti. Mwambie taratibu: mdogo wake yu hai."

Simu ya mkuu ililia papo hapo. "Hayo hatukupatana!"

"Tulipatana mwanya. Cha kutia ndani hukuuliza."

Saa kumi kijana atakayerithi taarifa yake ya saa saba alisoma habari, na alisoma vizuri, jambo lililomuuma Mnada kuliko kama angeharibu. Akaendelea kuyasema yake kabla ya mchezo wa kuigiza, na baada yake, hajui kama basi lina redio au lina kanda za muziki. Saa kumi na moja ikapita. Na robo. Na nusu.

Kisha mzee akapiga.

"Limefika."

"Dereva alisikia?"

"Alisikia. Akamwambia, dada hakuamini. Ameshuka amenishika uso, anakipapasa kidevu. Mpaka sasa analia."

"Anapumua vizuri?"

"Anapumua kwa kunitukana. Lakini mkono wa kushoto unamtetemeka, mwanangu. Nampeleka hospitali."

Simu ikakatika, na taa nyekundu ya hewani ikawaka. Mnada akataja saa.

Kesho yake, saa saba mchana, alikwenda kula kwenye mgahawa wa jengo. Redio ya ukutani ikaanza habari, watu wakanyamaza, na yeye akabaki na tonge mkononi, akingojea kijana afike habari ya nne, asikie, kwa kuwa mzee hakupiga tena simu, kama kuna msiba wenye jina lake au la dada yake.