Alitakiwa apige video mbovu

Ni asubuhi, na Mama Picha anamtumbukiza bwana harusi ndani ya glasi ya juisi. Kwenye kompyuta, jamani. Anamvuta kidogo miguu isikatike, kisha anamzungushia mawaridi mekundu mpaka uso unaonekana kwa kuchungulia.

"Hapo amependeza, au siyo?" anauliza.

Studio yake ni chumba kimoja, na ukutani kuna pazia la kijani lililoshikwa na vibanio vya nguo. Ni mjane, na kwa kupiga video za harusi za mtaani amesomesha binti zake wawili.

Mwezi uliopita alipiga hodi mwimbaji, yule ambaye nyimbo zake huzikosi kwenye saluni yoyote. Mama Picha nusura adondoshe kikombe. Mtu mwenye uwezo wa kukodi kamera za kupaa angani, anatafuta nini kwake?

"Unipigie video ya wimbo mpya, mama."

Kwa furaha, akaazima kwa shemeji yake kamera ya kisasa na taa zake. Akatoa picha safi, mpaka vinyweleo vya mwimbaji vinahesabika. Akakaa kusubiri sifa.

Mwimbaji akatazama, akanywea. "Mama, mawaridi yako wapi? Nilitaka ile mbaya."

"Mbaya ipi?"

"Ya kwako ya siku zote. Watu wamechoka na video za kung'aa. Wenzangu wanaigiza ubovu, wewe unao wa kweli."

"Hebu fikiria," anasimulia Mama Picha. "Miaka yote najua napamba, kumbe watu wanaona kichekesho! Nikamuuliza, mwanangu, umefuata fundi au kituko?"

Mwimbaji alitazama chini. "Harusi ya dada yangu ulipiga wewe. Tunaicheka, lakini kila tukikutana tunaiweka. Ya kaka ilipigwa kwa kamera ghali, hata hatujui iko wapi."

Binti mkubwa hataki kusikia. "Mama, watakucheka nchi nzima! Nani atakuita tena?"

Hilo ndilo linalomnyima usingizi, maana mkate wake ni harusi. Hata hivyo Jumamosi anarekodi upya.

"Nimemwambia mwimbaji siharibu kitu makusudi. Nitapamba mpaka mimi mwenyewe niridhike. Atakayeona mbaya, shauri yake."

Ameomba pia jina na namba yake ya simu viandikwe mwishoni, kwa herufi kubwa.

"Wakimaliza kucheka," anasema, "kuna watakaokuwa wanaoa."